Vikopo Vinane, Tumbo Moja

Watu wa Otuakrom walimwita Nana Araba Otuwa kwa jina la Mama Daktari miaka mingi kabla daktari mwenyewe hajapatikana. Jina lilianza siku mjukuu wake Ewurasi, bado ana meno ya utotoni, alipomfunga jogoo mguu uliovunjika kwa kitambaa na vijiti viwili. Jogoo akapona. Ilipofika Pasaka alikwenda kuchinjwa kwa miguu yake mwenyewe, bila kuchechemea, na Nana akatangaza sokoni kwamba nyumba yake imezaa daktari. Tangu hapo kwenye misiba alipewa kiti cha mbele, karibu na wazee wa ukoo, na mwuza nyama hakumwekea mfupa. Huwezi kujua. Leo unamwekea mfupa, kesho mjukuu wake anakudunga sindano.

Basi Ewurasi akamaliza shule, akafaulu vizuri, akaingia jikoni asubuhi moja akiwa amekunja mikono nyuma kama mtu aliyevunja sahani. Nana alikuwa anafunga dokono zake, donge la unga wa mahindi uliochacha ndani ya jani la mgomba, kukunja huku, kukunja kule, kamba, chini.

"Nana, chuo kimenichukua."

"Nilijua. Udaktari."

"Maabara, Nana. Sayansi ya maabara. Ile kazi ya Madam Kafui pale hospitali."

Nana alikunja jani, akalikunjua, akalikunja tena.

"Yule mwanamke anayepaka mavi kwenye kioo?"

"Na damu, Nana. Na mkojo. Na makohozi."

"Makohozi pia." Nana akaweka dokono chini. "Mungu amekupenda. Hakukunyima kitu."

"Nana, daktari akitaka kujua mtu anaumwa nini, anatuuliza sisi."

"Sisi? Umekwenda kumwoshea yule mama vioo likizo moja, umeshakuwa sisi?"

Ewurasi alikuwa msichana mpole, lakini upole wake ulikuwa wa jiwe la kusagia, halipigi kelele na halisogei. Nana akamweleza kwa utaratibu, maana hakuwa mwanamke wa kugombeza. Atarudia mtihani. Atakaa nyumbani mwaka mmoja, ataomba tena, atapata udaktari. Mwaka mmoja ni nini? Unga wenyewe unasubiri hadi uchache.

"Nafasi ikipita imepita, Nana. Chuo kinafunguliwa baada ya Akwambo."

Akwambo ni ile sikukuu yao ya kufyeka njia ya mtoni, wakati watoto wote wa Otuakrom wanarudi kutoka Akra na Kumasi kula, kucheza, na kuulizwa kwa nini hawajaoa. Haikuwa mbali. Na katika nyumba ile hakuna aliyeondoka kwa safari kubwa bila Nana kumfungia mzigo kwa mikono yake na kumwaga maji kizingitini. Mama yake Ewurasi, aliyekuwa akiuza vitenge Takoradi, alipopigiwa simu alisema maneno ambayo amesema maisha yake yote: "Atakavyosema Nana." Kwa hiyo msichana akabaki ananing'inia kwenye ulimi wa bibi yake.

Wiki ile ile bwana afya akapita na mfuko wa vikopo vyenye vifuniko.

Kila mwaka kabla ya Akwambo wapishi wa kuuza walitakiwa kupimwa choo ndipo wapewe cheti. Miaka yote kipimo kilikuwa samaki wa kukaanga aliyefungwa vizuri kwenye gazeti. Bwana afya akifungua gazeti, akinusa, vyeti vinatoka, na wote wanakuwa wazima. Mwaka huu bwana afya alisukuma gazeti pembeni kwa huzuni ya kweli.

"Mama zangu, mimi sina neno. Ni yule mama mgeni wa maabara. Amesema bila kikopo hakuna cheti, na bila cheti hakuna kupika Akwambo."

"Amesema hivyo kwa mdomo wake?" akauliza Fosuwa, mwuza wali wa maharage, mwanamke ambaye maneno yake hayakuwa na mlango.

"Kwa mdomo wake. Na samaki alimla, akasema mtamu, halafu akasema vilevile."

Jioni wapishi wote wanane walikutana jikoni kwa Nana, aliyekuwa mkubwa wao. Hakuna aliyetaka kupeleka kikopo. Otuakrom hata nywele zilizonyolewa mtu anazichoma mwenyewe, na kucha anazifukia, kwa sababu kilichotoka mwilini mwako ni wewe, na ukimwachia mtu usiyemjua umemwachia ufunguo. Sasa mwanamke kutoka ng'ambo ya mto Volta, anayesema lugha yao ya Kifante kama mtu anayetembea juu ya mayai, anataka funguo za wapishi wote wa mji.

"Mimi nitampa," akasema Mbroba.

Mbroba alikuwa mwuza samaki wa kukaanga, mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuita kivuko. Alikaa mbali kidogo na Nana kwa heshima, kwa kuwa alikuja na bakuli lake la mchuzi wa bamia, na bamia kwa ukoo wa Nana ni mwiko. Babu wa babu yao alijificha vitani ndani ya shamba la bamia, maadui wakapita, naye akaahidi kwamba kizazi chake hakitamtafuna aliyemficha. Mpwa mmoja wa Nana alionja bamia huko Akra, akajisifu. Aliporudi aliketishwa uani mbele ya ukoo mzima, akaoshwa mdomo kwa maji ya majani machungu huku kondoo wake mwenyewe akichinjwa. Mpaka leo akiona kitu cha kijani anageuza uso.

"Huogopi kurogwa?" Fosuwa akamwuliza Mbroba.

"Aliyejaribu kuniroga tulimzika kabla ya mavuno. Mimi nina tumbo la chuma. Sijawahi kulala hospitali hata siku moja." Akatoa mfukoni kipande cha udongo mweupe, ule wa wajawazito, akakivunja kwa meno. Miezi hiyo hakuwa mjamzito, lakini alikuwa anautafuna kama njugu.

Nana akamtazama. Wazo likamjia taratibu, likakaa, likajifunika vizuri.

"Mbroba," akasema, "tumbo lako la chuma linaweza kujaza vikopo vingapi?"

Wanawake walicheka hadi Fosuwa akashika nguzo. Nana hakucheka. Alieleza. Vikopo vinane, tumbo moja, la mtu asiyeogopa wachawi na asiyeugua. Maabara itatoa majibu manane. Kila jibu litakuwa na jina la mtu na halitakuwa lake. Vyeti vitapatikana, funguo za watu zitabaki mifukoni mwao. La mwisho hakulisema. Majibu hayo ya uongo yatamwonyesha Ewurasi kwamba kazi ile ni kugonga mihuri tu, mtoto atarudi kwenye udaktari wake.

Siku ya pili akamwita mjukuu mbele ya wanawake hao hao.

"Ewurasi, tusigombane. Huyo Madam wako akiweza kujua jambo lolote juu ya kikopo changu ambalo mimi sijamwambia, na likawa kweli, nitakufungia mzigo kwa mikono hii na kuubeba kichwani mpaka stendi. Asipoweza, unarudi kwenye vitabu kutafuta udaktari. Sawa?"

"Unaapa, Nana?"

"Kwa chungu cha mama yangu."

Chungu kile ndicho kilichopika dokono za Akwambo tangu zamani za mama yake Nana, na hakuna aliyewahi kukiapia akarudi nyuma.

Ewurasi aliwatazama wale wanawake, mmoja mmoja. Wote walikuwa wanatazama dari. "Sawa, Nana," akasema.

Asubuhi ya kupeleka vikopo, Mbroba aligawa mzigo wake nyuma ya nyumba kama mtu anayegawa chakula cha matanga, kijiko hapa, kijiko pale, akinung'unika kwamba hakuna hata aliyemwambia asante. Kila mwanamke akapokea sehemu yake kwa uso wa pembeni. Wakavaa vitenge vya Jumapili. Lakini Nana alipokishika kikopo chake aliona aibu. Mwanamke wa umri wake hapiti barabarani na kitu kile kikiwa uchi. Akachukua jani la mgomba, akakifunga kama alivyojua kufunga, kukunja huku, kukunja kule, kamba. Wenzake wakaona ni akili, wakafunga vyao pia.

Walipofika stendi, dereva wa gari la kwenda mji wa Kepikosti, Kow Ansa, akaruka kutoka kwenye kiti chake.

"Nana. Nauliza tangu alfajiri dokono zako ziko wapi. Niuzie mbili."

"Leo siuzi."

"Moja basi. Tumbo limeshikana na mgongo."

"Kow Ansa, hizi zimeagizwa na hospitali."

"Zote hizo?" Akawahesabu kwa macho na kumeza mate. "Kumbe wenzetu hospitali wanakula. Bado zina moto?"

"Mbroba," Nana akasema bila kugeuka, "zina moto?"

"Zilikuwa nao," akasema Mbroba. Msafara ukaendelea kwa heshima, mabega yakitetemeka.

Maabara ilikuwa chumba kimoja mwisho wa ukumbi, chenye dirisha kubwa na harufu ya spiriti. Madam Kafui alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Alipokea vifurushi vya majani bila kuuliza neno, akafungua cha kwanza, akatazama, akamtazama Nana.

"Nimefanya kazi mahali pengi," akasema. "Sijaletewa kwa adabu namna hii."

Nana akapenda jibu hilo, akajikataza kulipenda.

Waliambiwa warudi kesho kutwa. Waliporudi waliketishwa kwenye benchi la ukumbini, Nana katikati. Mbroba alifika mwisho, akihema. Alikuwa amepumzika mara kadhaa njiani na kusema ni jua, ingawa mawingu yalikuwa yamefunika mji tangu asubuhi. Ewurasi akatoka amevaa koti jeupe la mtu mwingine, mikono imekunjwa mara tatu. Hakumtazama bibi yake. Nana akafikiri, mtoto ameshaona, maskini, ameona kazi yake ni ya mihuri. Akamwonea huruma.

Madam Kafui akaketi mbele yao kwenye kiti kidogo.

"Mama zangu, mapacha nimewaona. Watoto watatu wa mimba moja nimewaona pia, kule kwetu Ho. Lakini watu wanane wenye tumbo moja, mkubwa ana mvi na mdogo ananyonyesha, ndio kwanza nakutana nao."

Benchi likalia.

"Choo kinafanana vipi kwa watu?" akauliza Fosuwa. "Si choo tu?"

"Hakifanani, mama. Hata ndugu wanaokula sahani moja. Lakini hivi vyenu vina rangi moja, ulaini mmoja, na mabaki ya chakula kimoja. Na si mimi niliyegundua. Ni huyu."

Ewurasi akasogea. Aliinamisha kichwa kama mtoto anayeleta habari ya msiba.

"Nana, nilianza na kikopo chako, kwa sababu ni chako. Nimekuta mbegu za bamia."

Fosuwa, aliyekuwa amegusana bega na Nana, akajivuta taratibu mpaka wakabaki na nafasi ya mtu wa tatu katikati yao.

Nana Araba Otuwa alikuwa amevuka mambo mengi maishani, pamoja na waume wawili, lakini hakuwahi kubanwa na mbegu. Akaona njia mbili. Akisema kikopo ni chake, basi amekula bamia, na kabla ya Akwambo ataketishwa uani mbele ya ukoo, aoshwe mdomo kama mpwa wake, na mpwa huyo atakodi gari kutoka Akra aje kutazama. Akisema si chake, basi maabara imejua jambo ambalo hakuiambia, na ni kweli, na chungu cha mama yake kimesikia.

Akatafuta njia ya tatu.

"Labda ni nyanya chungu," akasema.

"Mbegu ya nyanya chungu ni bapa," akasema Madam Kafui. "Ya bamia ni mviringo, kama goroli. Nikuonyeshe?"

"Usijisumbue."

"Nana, bamia ni mambo ya ukoo wenu, mimi ni mgeni, siingii." Akavua miwani. Sauti yake ilibadilika, ikawa ya chini, na Kifante chake kikaacha kutembea juu ya mayai. "Lililonileta hapa mbele yenu ni jingine. Mbegu unaziona kwa macho matupu. Chini ya hadubini tumeona mayai ya minyoo ya safura. Kila kikopo. Mengi. Mwenye tumbo hili ananyonywa damu kila siku, na ameanza zamani. Sijui ni nani kati yenu. Tumbo moja nimepewa kwa majina manane. Dawa ninaweza kuomba mpewe wote, haitawadhuru. Lakini mmoja anatakiwa kupimwa damu leo hii, si baada ya sikukuu. Je, kuna anayehema akitembea kidogo? Anayesikia moyo unapiga masikioni? Anayetamani kula udongo?"

Kwenye pembe ya benchi kitu kilikuwa kinasagwa, taratibu, tangu walipoketi. Kikaacha kusagwa.

Nana hakugeuza kichwa. Hakuhitaji. Alimwona Mbroba kwa macho ya moyoni, siku baada ya siku. Beseni la samaki likishushwa mara mbili njiani, wakati zamani alilibeba huku anagombana na mtu. Viganja vyake vilivyopauka kama unga wa muhogo. Sauti ya kuita kivuko ambayo siku hizi iliita na kukatika. Waliyaona yote, wakasema ni umri, wakasema ni jua. Na yeye, mkubwa wao, ndiye aliyelichagua tumbo lile kwa sababu haliugui.

Mficha uchi hazai, alisema mama yake. Lakini hakuwahi kusema mtu akificha uchi wa mwenzake inakuwaje.

"Ewurasi," akasema.

"Nana."

"Hizo bamia si zangu."

"Najua, Nana."

"Na minyoo si yangu."

"Hilo bado sijui. Utaleta kikopo chako ndipo tujue."

Mmoja wa wanawake akakohoa kuficha kicheko. Nana akageuka sasa, akanyoosha mkono mpaka mwisho wa benchi.

"Mbroba, dada yangu, tema huo udongo. Mpe mtoto kidole."

"Mimi? Araba, mimi nina tumbo la chuma."

"Chuma kimekwisha, mama," akasema Madam Kafui. "Hicho ndicho wanachokula."

Mbroba, ambaye mchawi mzima alimwogopa akafa, aliingia maabara akiwa ameshikwa na wanawake wawili. Alipoiona sindano ya kutoboa kidole, ndogo kama mwiba wa samaki wake mwenyewe, alimwita marehemu mama yake kwa majina yote matatu. Ewurasi alimshika mkono na kumwuliza samaki wa jana alitoka bandari gani. Mbroba akaanza kulalamika juu ya wavuvi, na alipofika katikati ya malalamiko, damu ilikuwa imeshachukuliwa.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza, Maame."

"Mbona hukuniambia? Ningelia vizuri."

Damu ilikuwa nyepesi kama maji ya kwanza ya kuoshea mchele mwekundu. Hata Nana aliona, na hakuwa amesoma zaidi ya darasa la tatu. Madam Kafui akaandika haraka, akamtuma Ewurasi kwa daktari, mbio. Kupitia mlango wazi Nana alimwona daktari, kijana mrefu mwenye kifaa shingoni, akiacha alichokuwa anafanya, akipokea karatasi kutoka kwa mjukuu wake, na kusoma.

"Wewe unaona tumwongeze damu, au dawa itatosha?" daktari alimwuliza Madam Kafui aliyekuja nyuma.

Nana akasikia. Kumbe mtoto hakutania. Kweli wanaulizwa.

"Njoo uone, Nana," akasema Ewurasi aliporudi.

"Nimeshasema usijisumbue."

"Si bamia. Njoo."

Nana akasogeza kilemba kidogo upande wa jicho, akainama juu ya hadubini. Mwanzoni aliona kope zake mwenyewe. Halafu mwanga. Halafu, katikati ya takataka za kijani na kahawia, kitu kimoja kimekaa peke yake, cha mviringo mrefu, ganda lake jembamba, angavu, na ndani kuna madonge madonge yamebanana. Alikitazama muda mrefu.

"Kimefungwa vizuri," akasema mwishowe.

"Ndiyo, Nana."

"Kama dokono. Jani la kioo, na donge ndani." Akaendelea kutazama. "Na hiki kidude ndicho kinachomshusha Mbroba beseni?"

"Ni mnyoo mama anayetaga hivi. Yumo tumboni, amejishika kwa meno. Waliingia kwa nyayo, shambani. Maame Mbroba havai viatu."

"Nilimwambia avae viatu."

"Ulimwambia lini, Nana?"

"Nitamwambia leo." Nana akainua kichwa, jicho moja bado limefumbwa. "Na wewe ulikitazama hiki peke yako, hukuambiwa?"

"Madam alithibitisha. Ila mimi ndiye niliyeanza kukiona."

Nana akarudisha kilemba chake mahali pake. Akamwambia tu, "Koti hilo litapunguzwa mikono. Hakuna mtu wa nyumba yangu atakayekwenda chuoni akionekana kama mlinzi wa usiku."

Vikopo vipya vilipelekwa, safari hii kila mtu na chake. Waligombania nani awe wa kwanza, maana sasa kila mmoja alitaka kujua ana nini ambacho wenzake hawana. Fosuwa alipokea majibu yake, akayasoma kwa sauti ukumbini bila kuombwa. Wawili walipewa dawa na kuambiwa wasubiri kabla ya kushika mwiko wa kupikia. Mbroba alilazwa kwa mara ya kwanza maishani, akawa anawaambia manesi jinsi ya kutandika vitanda.

Na kikopo cha Nana? Hilo Ewurasi hakumwambia mtu. Fosuwa alimfuata mpaka kisimani kumwuliza, akajibiwa kwamba siri ya maabara haitoki mlangoni. Lakini siku mbili baadaye Nana alionekana nyuma ya chungu cha mama yake akimeza kidonge haraka haraka, akafuta mdomo, na kusema amemeza nzi.

Akwambo ikafika. Njia ya mtoni ikafyekwa, ngoma zikapigwa, dokono zikatoka kwenye chungu zikifuka mvuke. Wenye magari ya Akra walipopanga foleni, mmoja wao, jamaa mnene mwenye miwani ya jua, akauliza kama wanavyouliza kila mwaka.

"Mama Daktari, daktari wetu yuko wapi? Nasikia anakwenda kusomea vinyesi."

Wanawake wakaacha kufunga. Nana alichagua dokono moja, akaipapasa, akampa.

"Daktari anakuuliza unaumwa wapi, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Na wewe unamdanganya. Unasema kichwa, kumbe ni tumbo. Unasema hunywi." Jamaa akavua miwani. "Huyu wangu hakuulizi. Lete kikopo tu. Kikopo hakijui kudanganya. Nimejaribu mimi mwenyewe, mbele ya mashahidi, na nilishindwa."

Tangu siku ile jiko lake lilikuwa na wasichana. Walikuja wawili watatu baada ya shule, wakisema wametumwa dokono, wakakaa. Walitaka kusikia habari ya bamia. Nana aliwasimulia huku anafunga, na kila alipofika kwenye jani la kioo na donge ndani, aliacha kazi na kufumba jicho moja, nao wakafumba pia. Binti mdogo wa Fosuwa aliuliza kama mtu anaweza kuona minyoo yote ya mji mzima. Nana akamwambia aanze na hesabu, maana alimwona jana akikosea chenji.

"Na nisipoweza hesabu?"

"Utakuwa mwuza wali kama mama yako, utaletewa kikopo kila mwaka. Chagua upande wa kikopo unaotaka kukaa."

Siku ya safari Nana alifunga mzigo kwa mikono yake, kamba juu ya kamba, hadi Ewurasi akauliza atafunguaje. Maji yakamwagwa kizingitini. Kisha Mama Daktari, ambaye hakubeba mzigo kichwani tangu magoti yalipoanza kumsema, akajitwika furushi la mjukuu wake na kushika njia ya stendi. Mbroba alifuata, amevaa viatu, akilalamika kwamba vinambana, na sauti yake ilisikika mpaka kanisani. Madam Kafui alikuwa amesimama mlangoni pa hospitali katika koti lake jeupe, akapunga mkono. Nana hakuweza kupunga kwa sababu ya mzigo, akainama magoti kidogo, kama mtu anavyomsalimu mkubwa.

Kow Ansa alikuwa anafunga mizigo juu ya gari. Alimshusha Nana furushi lake kwa heshima. Nana akafungua kitenge, akatoa kifurushi cha jani la mgomba, cha moto, akamnyooshea.

"Shika. Siku ile nilikunyima. Mfikishe salama."

Kow Ansa alikitazama kile kifurushi. Habari ya vikopo ilishamfikia, kama ilivyofika Kepikosti na mbele ya hapo. Alikipokea kwa vidole viwili, akakiweka karibu na pua, akakiondoa.

"Nana, kwa heshima zote," akasema. "Hii ni ile ya kuuza, au ni ile iliyoagizwa na hospitali?"

"Fungua uone."

"Na nikishindwa kutambua?"

Nana akamsukuma Ewurasi taratibu kuelekea mlango wa gari.

"Ndiyo maana nampeleka huyu shule," akasema. "Msubiri arudi."